Mtoto wa Eldama Ravine na Kazi ya Mikono Mingi

Mwishoni mwa mwaka 2021 Nakuru ilipata heshima mbili kwa mpigo. Tarehe 8 Novemba UNESCO iliuingiza mji huu katika mtandao wake wa miji ya ubunifu, kwenye kundi la ufundi na sanaa za jadi, ukawa mji wa kwanza wa Kenya kupata nafasi hiyo. Tarehe 1 Desemba Rais Uhuru Kenyatta akaukabidhi hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hata shamrashamra hazijatulia, zikaja habari kwamba Alan Donovan amefariki nyumbani kwake, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Sidhani kama wengi wetu tulioshangilia jiji tuliona uhusiano wowote kati ya habari hizo. Uhusiano ulikuwapo. Donovan alikuwa wa mwisho kuondoka kati ya watu watatu waliosimamisha African Heritage, taasisi iliyowafundisha Wakenya wa kizazi chetu kwamba ufundi wa nyumbani unaweza kukaa dukani, jukwaani na ukutani kwa heshima ileile. Na wa kwanza kati ya watatu hao alizaliwa huku kwetu Bonde la Ufa.

Imepita zaidi ya nusu karne tangu taasisi hiyo ianzishwe mwaka 1972. Kumbukumbu zake huandikwa Nairobi, na Nairobi huziandika kana kwamba jambo lote lilianzia na kuishia Kenyatta Avenue. Sisi wa Nakuru na Baringo tuna sababu ya kuisimulia upya.

Joseph Murumbi alizaliwa tarehe 18 Juni 1911, Eldama Ravine, kama kilomita 60 hivi kutoka hapa. Ravine ilikuwa kituo cha serikali ya Waingereza kwenye njia ya misafara ya kwenda Uganda, tangu kabla reli haijafika Nakuru mwaka 1900. Palipokuwa na kituo palikuwa na askari, wapagazi na makarani, na palipokuwa na hao hapakukosa duka. Baba yake Murumbi, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa ukoo wa oloiboni, kiongozi wa kiroho wa Wamaasai. Mtoto wa namna hiyo, katika koloni iliyopanga watu kwa rangi mpaka kwenye foleni ya hospitali, hakuwa na safu yake. Alipelekwa India kusoma, akarudi kijana, akafanya kazi Somalia katika utawala wa kijeshi wa Waingereza, kisha mwaka 1952 akarejea Kenya wakati hali ya hatari inatangazwa. Viongozi wa chama cha KAU (Kenya African Union) walipokamatwa, yeye ndiye aliyebaki kushika ukatibu wa chama. Baadaye akakimbilia London, akakaa huko takriban miaka tisa.

London ndiko alikokutana na Sheila, mwanamke aliyefanya kazi ya maktaba, wakaoana. Ndiko pia alikoanza kununua vitabu vya Afrika, stempu, ramani za kale na vinyago, pesa zikiwa chache na nyumba ikiwa ndogo. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hudhani ukusanyaji wa sanaa ni kazi ya tajiri aliyechoka. Murumbi alianza akiwa mkimbizi mwenye mshahara wa karani.

Baada ya uhuru alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha mwezi Mei 1966 akawa Makamu wa Rais, wa pili katika historia ya Kenya baada ya Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka haukuisha akajiuzulu. Rafiki yake mkubwa, mwanasiasa Pio Gama Pinto, alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965, na waliomjua Murumbi husema tangu siku hiyo siasa haikuwa tamu kwake tena. Wanasiasa wetu wakiacha kiti, kama wakikiacha, huenda kufuga au kushtaki. Huyu alikwenda kwenye sanaa.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1963 mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele alifungua Chemchemi jijini Nairobi, kituo cha waandishi, wachoraji na waigizaji. Mwaka 1965 Elimo Njau, mchoraji kutoka Kilimanjaro, pamoja na wenzake akina Jonathan Kariara, Hilary Ng'weno na Terry Hirst, wakaanzisha Paa ya Paa. Mwaka 1969 Jony Waite, Robin Anderson na David Hart wakafungua jumba la sanaa, na kwa kuwa walikuwa watatu wakaliita Watatu. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba katika miaka ile wachache ndio waliofikiri kuanzisha nyumba ya sanaa peke yao. Pesa hazikuwepo, wanunuzi walikuwa wageni, na serikali ilikuwa na mambo mengine. Kushirikiana kulikuwa ndiyo njia ya kulipa kodi ya nyumba kabla hakujawa falsafa.

Donovan aliingia Kenya mwaka 1970. Alikuwa Mmarekani kutoka Colorado, aliyesomea sanaa ya Afrika, akafanya kazi ya misaada ya chakula Nigeria wakati wa vita vya Biafra kwa niaba ya serikali yake, kisha akaacha kazi hiyo, akanunua gari la Volkswagen na kuvuka nalo Sahara hadi Afrika Mashariki. Akaenda Turkana. Kule hakukusanya vinyago, maana Waturkana hawana desturi ya vinyago. Alikusanya vitu vya kutumia: vigoda vya kichwa ambavyo mzee hulalia mchana, vyombo vya maziwa vya mbao na ngozi, visu vya kuvaa mkononi, mikufu, sketi za ngozi zilizoshonewa shanga. Akaviweka kwenye maonyesho Nairobi. Murumbi akaja kuviona, akataka naye akusanyiwe vya namna hiyo.

Kwangu mimi hapo ndipo taasisi ilipozaliwa, kabla ya karatasi yoyote kusainiwa. Aliyekuwa Makamu wa Rais, mwenye damu ya wafugaji, na Mmarekani mwenye vumbi la Lodwar kwenye viatu, wanatazama kigoda cha kulalia kichwa na kukubaliana kwamba hiki ni kazi ya ubunifu wa hali ya juu. Makumbusho ya wakati ule yangekiita kitu cha kabila. Wao walikiuliza maswali ya fundi. Kwa nini miguu miwili na si mitatu? Shimo la kamba limewekwa wapi ili kisimchome mtu akikibeba? Nani alichonga, nani alipamba, na kwa nini aliyepamba si yule aliyechonga?

Mwaka 1972 Murumbi, Sheila na Donovan wakafungua African Heritage, jumba la sanaa la Afrika nzima, mbali na duka la kumbukumbu za watalii kwa dhamira kama si kwa bei. Vitambaa vilitoka Mali, Ghana na Nigeria, misalaba ya fedha Ethiopia, mawe laini Kisii, vikapu na shanga kwa wafugaji na wakulima wa hapa nchini. Wachongaji waliopita mle walikuwa watu wa uzito wao. Elkanah Ong'esa wa Tabaka, Kisii, ambaye ndege wake wa jiwe alifika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, alikuwa mmoja wao. Expedito Mwebe wa Uganda alichonga milango na samani. Angela Fisher, Mwaustralia ambaye mwaka 1984 angetoa kitabu maarufu cha mapambo ya Afrika, alibuni mikufu pamoja na Donovan.

Lakini majina hayo ndiyo yaliyo rahisi kukumbuka. Tuingie karakana, maana huko ndiko kulikokuwa na majaribio.

Chukua ushanga mmoja wa mfupa, ule mweusi wenye mistari myeupe ambao leo umejaa kila soko la vitu vya sanaa kuanzia Nairobi hadi kando ya barabara kuu ya Nakuru. Mfupa ni wa ng'ombe, umetoka bucha au machinjioni, mahali ambapo vinginevyo ungeliwa na mbwa. Kwanza unachemshwa, na si mara moja, mpaka mafuta yaishe kabisa. Mfupa uliobaki na mafuta hugeuka manjano na baada ya miezi hutoa harufu, na mnunuzi harudi. Ukikauka unakatwa kwa msumeno, unatobolewa, unasuguliwa kwa msasa hadi ung'ae. Hapo kazi hutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mtu wa pili ana kijiti na kopo la nta iliyoyeyushwa. Anapaka mistari na vitone juu ya mfupa, haraka, kabla nta haijaganda kwenye kijiti. Ushanga unatumbukizwa kwenye rangi nyeusi, na palipofunikwa na nta rangi haingii. Nta ikiondolewa, mchoro unabaki mweupe. Ni batiki, teknolojia ya kitambaa iliyohamishiwa kwenye mfupa.

Hakuna kabila la Kenya linaloweza kusema huo ni ushanga wake wa tangu zamani. Umetokana na watu wa kitambaa kukaa jirani na watu wa mfupa. Vivyo hivyo shaba: kufuli mbovu, mabomba ya maji na vipande vya redieta huyeyushwa, humiminwa kwenye vifinyango, hutoka ushanga wenye umbo la nchi za Sahel, huunganishwa na kaharabu, na mkufu ukaishia shingoni mwa mwanamke wa New York. Mkufu mmoja ulikuwa na kazi ya watu wanne au watano ambao pengine hawakuwahi kukaa meza moja. Aliyepanga rangi, ukubwa na uzito ndiye aliyeitwa mbunifu. Waliobaki waliitwa mafundi.

Kuna wanaosema huo ulikuwa uchakachuaji wa mila. Walilisema wakati ule na wanalisema leo, kwamba Mmaasai havai shaba ya Mali, na kwamba kuchanganya ni kuharibu. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu uko hapa nyumbani. Panda Hyrax Hill, hapo nje kidogo ya jiji, mahali alipochimba Mary Leakey mwaka 1937 na 1938. Utaona mibao ya bao imechongwa kwenye mwamba wenyewe, safu za mashimo zilizolainika. Mchezo huo unachezwa Lamu, unachezwa Uganda, unachezwa Kongo, na hapa uko kwenye jiwe la volkano. Watu wa Bonde la Ufa wamekuwa wakiazima, wakibadili na kupitisha vitu tangu enzi ambazo hawakuwa na jina la kuita mila. Wanaoogopa mchanganyiko wanalinda kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Lawama yenye uzito ni nyingine, nitaifikia.

Kutoka karakana vitu vilikwenda jukwaani. Donovan aliona mapema kwamba mkufu ukilala ndani ya kabati la kioo haujulikani unavyolia mtu akitembea. Akakusanya wanamitindo, wapiga ngoma, wanasarakasi na wachezaji, akawavika kazi za karakana na vitambaa vya Afrika Magharibi, na kundi hilo likasafiri Ulaya na Marekani. Maonyesho ya mavazi ya African Heritage hayakuwa maonyesho ya nguo peke yake. Mtazamaji alipata muziki, chakula na sarakasi katika usiku mmoja. Mshonaji alilazimika kufikiria mruko wa mwanasarakasi, na mpiga ngoma alilazimika kujua mkufu ule unachukua hatua ngapi kufika mbele ya jukwaa.

Mwisho wa miaka ya 1970 bendi ikazaliwa ikiwa na jina la nyumba hiyo, African Heritage Band, ikipiga kwenye mkahawa wa jumba hilo. Mmoja wa vijana wake aliitwa Job Seda. Bendi ilichanganya gitaa la umeme na nyatiti ya Waluo, jambo ambalo kwa wazee wa nyatiti lilikuwa utundu na kwa vijana wa disko lilikuwa ushamba. Seda baadaye alijiita Ayub Ogada, akabeba nyatiti yake mpaka vituo vya treni za chini ya ardhi London, na mwaka 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Alifariki mwaka 2019. Wanaomsikiliza leo katika filamu za kigeni hawajui kwamba sauti ile ilikomazwa na watu waliokuja mkahawani kula chakula cha mchana.

Sasa habari za hasara. Katika miaka ya 1970 moto uliteketeza jumba la sanaa pamoja na kazi nyingi zisizoweza kurudiwa. Waliojenga wakajenga tena. Moto unauma lakini mtu huuelewa. Kilichofuata ni kigumu zaidi kueleza.

Murumbi alikuwa na nyumba Muthaiga, iliyojaa vinyago, nguo, samani, barua, stempu na maelfu ya vitabu, vingi vikiwa vimechapwa kabla ya mwaka 1900. Wanunuzi wa nje walivitaka. Yeye alitaka vibaki Kenya, hivyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 akaiuzia serikali nyumba pamoja na makusanyo yake, kwa maelewano kwamba pale patakuwa taasisi ya masomo ya Afrika yenye jina lake, mahali ambapo mtafiti, mchongaji na mwanafunzi wangefanya kazi chini ya paa moja. Taasisi haikujengwa. Nyumba iliachwa ikaoza, ikabomolewa, na kiwanja kikagawanywa. Miti ya asili aliyoipanda ikakatwa. Murumbi mwenyewe alikuwa bado hai. Murumbi alifariki tarehe 22 Juni 1990, akazikwa City Park, karibu na lilipo kaburi la Pinto, kama alivyotaka.

Makusanyo yenyewe yaliokoka. Vitabu na nyaraka viliingia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, taasisi ambayo Murumbi mwenyewe aliitumikia na kuipigania. Mwaka 2006 ghorofa ya chini ya jengo lake, lile lililokuwa benki zamani pale Moi Avenue, ilifunguliwa kuwa Murumbi Gallery. Sehemu nyingine iko Nairobi Gallery, ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa iliyojengwa mwaka 1913, ambamo vizazi vya Wakenya vilikwenda kuandikisha watoto, ndoa na marehemu wao. Mpango wa Murumbi ulikuwa karakana na maktaba vikae pamoja. Leo maktaba ipo, vitu vipo nyuma ya vioo, karakana haipo. Kwa maneno mengine, serikali ilihifadhi matokeo ya ushirikiano na kuutupa ushirikiano wenyewe.

African Heritage ya biashara ilisonga mbele bila Murumbi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa ikisambaza bidhaa za jumla kwenye maduka makubwa ya Marekani na Ulaya, na ilihesabiwa miongoni mwa biashara kubwa za kazi za mikono barani Afrika. Kisha nyakati zikabadilika. Bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 liliua zaidi ya watu mia mbili na kuwafukuza watalii, na shambulio la kigaidi la Kikambala, pwani, mwaka 2002 likarudia pigo hilo. Wakati huohuo ushanga wa mfupa uliokuwa ubunifu miaka ya 1970 ulikuwa sasa unatengenezwa na kila mtu, kwa bei ya kila mtu. Mwaka 2003 African Heritage ikafunga milango.

Hapa ndipo ilipo ile lawama niliyoiahirisha. Taasisi iliyoishi kwa mikono mingi ilimilikiwa na mikono michache. Mafundi walilipwa kwa kipande, na kwa vipimo vya wakati ule pengine walilipwa vizuri. Lakini mchoro ulikuwa wa nyumba, lebo ilikuwa ya nyumba, na mteja wa Marekani alikuwa wa nyumba. Nyumba ilipofungwa, fundi alibaki na ujuzi bila anwani. Ndiyo maana historia iliyoandikwa inatupa majina ya waanzilishi, wachongaji mashuhuri, wanamitindo na wanamuziki, na inanyamaza kuhusu waliochemsha mifupa. Simlaumu Donovan zaidi ya wenzake wa zama zake; alifanya zaidi ya wengi, na alikufa akiwa bado anaandika na kupanga maonyesho. Mwaka 2015 kitabu A Path Not Taken, alichokiandaa na Anne Thurston, kilituletea simulizi la Murumbi kwa kinywa chake mwenyewe. Hata hivyo ushirikiano ambao hauna hisa, mkataba wala daftari la majina hutegemea uhai wa mwenye ufunguo.

Kilichobaki kimesimama ni nyumba ya Donovan, African Heritage House, aliyoanza kuijenga mwaka 1989 mkabala na mbuga. Kuta zake zinafuata misikiti ya udongo ya Djenné nchini Mali, na ndani kuna mambo ya pwani ya Waswahili. Ni jaribio la usanifu ambalo wasanifu majengo wengi waliliona kichekesho mpaka wageni wakaanza kulipa ili kulitazama. Ramani ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipochorwa, nyumba ilikutwa njiani na kuwekewa alama ya kubomolewa. Kelele zilipigwa, ikatangazwa kuwa turathi ya taifa, na reli ikapita pembeni. Kwa mara moja serikali ilijifunza kutoka kosa la Muthaiga. Na City Park, kando ya kaburi la Murumbi na Sheila, Donovan na wasanii wa zamani wa nyumba ile, Ong'esa na Mwebe wakiwemo, walisimamisha bustani ya sanamu. Kazi zao ziko wazi chini ya miti, bila kioo.

Tumerudi Nakuru. Jina la jiji la ufundi tunalo tangu Novemba 2021. Malighafi tunayo pia: ngozi na mfupa kutoka machinjio ya ukanda mzima wa ufugaji, sufu ya Molo, udongo wa mfinyanzi wa kando ya maziwa, na mafundi kutoka karibu kila jamii ya Kenya, maana Nakuru ilijengwa na wahamiaji tangu reli. Ukisimama pale juu ya mteremko unaotazama Bonde la Ufa, kwenye vibanda vya barabarani, utakuta ngozi za kondoo, mawe ya Kisii, shuka, vyondo na shanga za mfupa vimepangwa pamoja, na muuzaji ambaye si Mkisii, si Mmaasai wala si Mkamba akivieleza vyote kwa ufasaha. African Heritage iko hapo, bila jina na bila mshahara.

Tusichonacho ni mambo mawili. La kwanza ni karakana ya pamoja: mahali penye tanuru, msumeno, mashine ya kutoboa na meza ndefu, ambapo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton anayesomea mambo mengine kabisa anaweza kuketi na fundi wa ngozi wa Free Area na mama wa shanga wa Mogotio, wakajaribu kitu kikashindikana bila yeyote kufukuzwa. Ukumbi wa maonyesho tunaweza kuungoja. Meza hatuwezi. La pili ni daftari. Kila kazi inayotoka humo iandikwe nani alikata, nani alichora, nani alipaka rangi, na kila mmoja apate fungu lake kwenye mauzo ya pili na ya tatu, si ya kwanza tu. Hilo African Heritage haikufanya, na miaka thelathini ya kazi njema haikuweza kulifidia.

Kwa Kaunti ya Baringo nina ombi dogo zaidi. Makusanyo ya Murumbi ni mengi kuliko nafasi ya kuta za Nairobi. Ombeni sehemu yake, hata kwa mkopo wa mwaka mmoja, iwekwe Eldama Ravine, watoto wa shule waione bila nauli ya Nairobi. Na wewe msomaji, siku ukishuka kwenye matatu pale Ronald Ngala au River Road ukiwa na saa moja ya kupoteza, tembea hadi Hifadhi ya Nyaraka uingie. Uliza ilipo Murumbi Gallery. Iko ghorofa ya chini.